Aliletwa na Nani?

Kitabu kilichonifundisha Kiingereza kilikuwa chembamba, chenye jalada la samawati lililofifia kwa jasho la mikono ya wanafunzi waliotutangulia, na ndani yake walikaa, mmoja baada ya mwingine kama wazee wanaongoja zamu barazani kwa liwali, watu mashuhuri wa tarikhi ya Waingereza: Mfalme Alfred na mikate iliyoungua, Canute na mawimbi, Malkia Elizabeth, Newton na tufaha lake, Nelson, Florence Nightingale na taa yake, na mwisho kabisa Livingstone, ambaye sisi wa pwani tulimhesabu kama jirani. Kila mmoja alipewa kurasa tatu, picha moja ya wino, orodha ya maneno magumu, na maswali kumi ambayo majibu yake yalikuwamo katika kurasa zile zile tatu, hata mtu mwenye macho na subira angaliweza kuyajibu yote pasipo kuelewa neno. Mimi nilikuwa na macho na subira. Nilipata alama nzuri mwaka mzima, na mwisho wa mwaka, nilipokutana na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyeniuliza kwa lugha yake njia ya kwenda kivukoni, nilisimama mbele yake nikimkumbuka Nelson kwa jicho lake na mkono wake, siku ya kufa kwake na jina la merikebu yake, nisiweze kumwambia kuwa ageuke kushoto.

Yalikuwa Pangani haya, mwanzo wa miaka ya arobaini, wakati wa vita vikuu vya pili, ambapo karatasi ilikuwa adimu na kitabu kimoja kilisomwa na watoto watatu, wawili wakikitazama sawasawa na wa tatu, aliyekaa upande wa pili wa meza, akikisoma miguu juu. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa bidii na wa heshima, walakini Kiingereza chake mwenyewe alikipata kwa njia ile ile aliyotupitisha sisi, nacho kilimbana mdomoni kama kiatu kipya kinavyombana mtu aliyezoea makubadhi. Sisi nasi tulikuwa tumetoka chuoni, ambako kuhifadhi ni ibada na kuna baraka katika neno lenyewe kabla ya maana yake, tukaichukua adabu ile njema tukaihamishia mahali ambapo haikuwa na kazi. Tulimhifadhi Nelson kwa unyenyekevu ule ule, mikono kifuani na miili ikiyumba mbele na nyuma, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba Nelson hakutaka hivyo wala hakutupa thawabu.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua nazi na boriti kwenda Unguja, na siku ambazo jahazi lilikuwa limepandishwa pwani kukalafatiwa, alikaa chini ya mkungu akishona tanga, akanitaka nimsomee habari za kitabu changu, kwa kuwa herufi za Kizungu hakuzijua, ingawa za Kiarabu alizisoma na kuziandika kwa mwandiko mzuri. Jioni moja nilimsomea habari ya Canute, mfalme aliyeamuru kiti chake kiwekwe ufukoni, akaketi, akayakataza maji yasijae, na maji yakajaa yakamlowesha miguu.

"Kwa nini aliyakataza?" akauliza.

"Kwa kiburi, mjomba. Mwalimu amesema kiburi kilimpofua."

Akaichomeka sindano katika turubali na kunitazama. "Mfalme huyo ni mzaliwa wa nchi hiyo?"

Nikamwambia sivyo, alikuwa mtu wa Denmark, akavuka bahari na jeshi lake katika vyombo vya matanga, akaitwaa Uingereza mwaka 1016.

"Basi ni baharia," akasema mjomba. "Na baharia aliyetwaa nchi kwa vyombo, hajui kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kila usiku na mchana? Hajui bamvua na maji mafu? Mpwangu, huyo alijua yatajaa, na saa yake aliijua. Kiti hakukiweka kwa ajili ya maji. Soma tena, unambie: pale ufukoni alikuwa na nani?"

Nilisoma tena, nikasoma mara ya tatu, na kitabu hakikusema alikuwa na nani. Kesho yake nikamwuliza mwalimu. Lilikuwa swali la maneno manne ya Kiingereza, nami nililitunga usiku kucha, nikiling'oa neno hili katika ukurasa wa Alfred na lile katika ukurasa wa Newton, hata nilipolisema mbele ya darasa masikio yalinipiga moto. Na mwalimu akanijibu kuwa jambo hilo halimo katika maswali kumi, nikae. Nilikaa. Lakini sentensi ile ilikuwa ya kwanza katika maisha yangu kuisema kwa Kiingereza nikiwa nataka kujua kitu, na hadi leo naihesabu kuwa siku ya kwanza niliyosoma lugha hiyo, miaka yote ya nyuma ikiwa ni kasuku tu. Zikapita zama kabla sijapata kujua kuwa habari ya Canute iliandikwa na padri mmoja, Henry wa Huntingdon, karibu miaka mia baada ya mfalme mwenyewe kufa, na kwamba katika maandishi yale mfalme, maji yakisha kumlowesha, aliwageukia waliohudhuria akawaonyesha jinsi uwezo wa wafalme ulivyo mtupu mbele ya Mwenyezi Mungu, na taji lake hakulivaa tena. Mtu aliyekifupisha kitabu chetu alikata pale pale penye maana, kwa kuwa kurasa tatu zilikuwa zimejaa. Na nahodha asiyejua herufi moja ya Kizungu akaiona ile sehemu iliyokatwa, kama fundi aionavyo mbao iliyokosekana kwenye chombo.

Nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe, Tanga, katika miaka ya hamsini, nilipewa darasa la usiku la watu wazima, na kitabu tulichopewa kilikuwa ndugu wa kile cha utotoni mwangu, pengine mtoto wake. Katika darasa lile alikuwamo fundi cherehani wa Ngamiani, mtu wa miaka hamsini na ushei, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kila baada ya majuma mawili aliniaga kuwa hatakuja tena. "Mwalimu," akasema, "kichwa changu kimekwisha shona kanzu nyingi, hakina nafasi ya pindo jingine." Sikutaka kumpoteza, maadam alikuwa ndiye peke yake aliyekuja na kalamu iliyochongwa, hivyo usiku mmoja nikakifunga kitabu, nikawasimulia habari za William wa Normandia, aliyeishinda Uingereza mwaka 1066 na kutawazwa mfalme wake asijue kusema na raia zake. Mwandishi wa zama zile, Orderic Vitalis, anasimulia kwamba mfalme yule, akiwa amepindukia miaka arobaini, alijitahidi kujifunza Kiingereza ili ayasikie mashitaka ya watu bila ya mkalimani, walakini umri wake na shughuli nyingi zilimzuia, akashindwa.

Darasa likacheka kwa furaha, kama watu waliosamehewa deni. Fundi hakucheka.

"Kwa hivyo mfalme hakuweza."

"Hakuweza, mzee wangu."

"Na mwenye shitaka akapita kwa mkalimani."

"Akapita kwa mkalimani."

Akaitoa miwani yake, akaifuta kwa upindo wa kanzu. "Basi mkalimani ndiye aliyekuwa mfalme," akasema.

Nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya utawala wa Wanormani, na sijaona mahali ulipoelezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Baadaye nilifahamu kilichomleta fundi yule darasani: kila barua iliyomfikia dukani ilikuwa kwa Kiingereza, na kila barua ilisomwa na mtu aliyedai ujira wa kuisoma, ujira mwingine wa kuijibu, na wa tatu wa kunyamaza juu ya yaliyomo. Nikamwongezea, kwa kumtia moyo, kwamba Mfalme Alfred, aliyetawala karibu miaka mia mbili kabla ya William na ambaye watoto wote hukumbuka mikate yake iliyoungua na wala hakuna lingine, alianza kusoma Kilatini akikaribia miaka arobaini, akapata kufasiri vitabu vizima kwa lugha ya watu wake. Ya mikate, wanazuoni hawaikuti katika habari za Alfred alizoziandika Asser, aliyemjua uso kwa uso; ya Kilatini wanaikuta. Hata hivyo kitabu chetu kiliichagua mikate. Fundi alikaa nami miaka miwili, na barua yake ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa na makosa kumi na moja, nami nilimshauri aipeleke vivyo hivyo.

Mwaka 1960 nilikwenda London kwa masomo ya ualimu ya mwaka mmoja, na katika juma la kwanza, kabla sijanunua koti la kutosha, nilikwenda kumzuru Nelson. Wamemsimamisha juu ya nguzo inayopita mita hamsini kwenda juu, hata mgeni akimtazama hupinda shingo mpaka kofia ikaanguka, na akishapinda, haoni uso. Njiwa walikuwa wengi. Nilimzunguka mara mbili nikiyakumbuka maswali kumi, nikaona kuwa mtu niliyemhifadhi utotoni alikuwa ndiye huyu hasa, mtu wa mbali, mgongo wake ukitazamwa zaidi kuliko macho yake, nikaondoka kwa baridi. Nelson mwingine nilikutana naye baadaye, katika maktaba yenye joto, na huyo alinifaa.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1805, upepo ukiwa mdogo na merikebu zake 27 zikijivuta polepole kuzikabili 33 za Wafaransa na Wahispania karibu na Rasi ya Trafalgar, Nelson alitaka kuwapelekea mabaharia wake salamu kwa bendera. Alitaka kuwaambia kuwa Uingereza ina imani nao. Ofisa wa ishara, John Pasco, akaomba ruhusa ya kubadili neno: kwani katika kitabu cha ishara kila neno la kawaida lilikuwa na nambari yake na bendera zake, na neno la Kiingereza la kuwa na imani halikuwamo, ingebidi kuliandika herufi moja moja, bendera juu bendera chini, na adui anakaribia, bali neno la kutazamia lilikuwamo. Nelson akakubali. Hivyo ujumbe ambao watoto wa dunia nzima huuhifadhi, kwamba nchi inamtazamia kila mtu atimize wajibu wake, ulipata umbo lake kwa sababu ya uchache wa maneno. Neno la upendo likawekwa kando, likaja neno la msimamizi. Na wajibu wenyewe, ambao ndio moyo wa sentensi, haukuwamo kitabuni, ukaandikwa kwa herufi zake nne.

Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, na Mwingereza aliyekaa karibu akanitazama kwa adabu. Nani kati yetu sisi wenye kujifunza Kiingereza hajapata kuwa Nelson asubuhi ile? Unalo jambo kifuani, unaujua uzito wake kwa lugha ya mama, na ukilifungua lile kasha dogo la maneno uliyonayo, neno lako halimo. Lipo ndugu yake, baridi kidogo, mkali kidogo, nawe huna nafasi ya kutafuta zaidi kwa kuwa mtu amesimama mbele yako anangoja. Tangu siku ile niliwafundisha wanafunzi wangu kile nilichokiita mlango wa Pasco: neno lako likikosekana, usinyamaze, chukua ndugu yake, na lile usiloweza kuliacha, litaje herufi kwa herufi. Nikamwandikia mjomba barua kwa herufi za Kiarabu nikimsimulia haya. Akanijibu kuwa bendera ni ulimi wa mtu aliye mbali, na mtu aliye mbali hasemi yote.

Katika maktaba hiyo hiyo nilikutana na William Caxton, ambaye kitabu cha samawati hakikumtaja kabisa, ijapokuwa bila yeye pengine kusingekuwa na kitabu cha samawati. Mtu huyu wa Kent alikuwa mfanyabiashara, akaishi miaka mingi katika mji wa Bruges, akajifunza uchapaji uzeeni, na mwaka 1476 akafungua Westminster kiwanda cha kwanza cha kuchapa vitabu katika Uingereza. Katika dibaji ya kitabu kimoja cha mwaka 1490 anasimulia habari ya wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri kutoka mto Thames kwenda ng'ambo. Bahari ikawa shwari, wakateremka pwani ya Kent kungoja upepo, na mmoja wao, aliyeitwa Sheffield, akaingia katika nyumba akamwomba mama mwenye nyumba mayai, akiyaita "eggys". Yule mama akamjibu kuwa yeye hajui Kifaransa. Mtu yule akakasirika, kwa sababu yeye naye hakijui Kifaransa, alitaka mayai tu. Mpaka mwenzake akasema "eyren", na mama akafahamu mara moja. Wote wawili walikuwa wakisema Kiingereza. Caxton, aliyeshika mkononi herufi za risasi ambazo zikishapangwa hazirudi nyuma, akabaki akijiuliza aandike lipi.

Jambo hili lilinirudisha Mombasa, nyumbani kwa shangazi yangu, nikiwa kijana wa miaka kumi na minne, nimefika asubuhi ile ile kutoka Pangani. Shangazi akaniita kutoka jikoni: "Ndoo hapa!" Nikaenda uani nikatafuta ndoo, nikaipata, nikaijaza maji kisimani ili isiende tupu, nikamletea. Alicheka hata akakaa chini juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akawaita majirani, na kwa muda wote niliokaa kwake nilijulikana mtaani kwa jina la Ndoo. Kwa Kimvita chake aliniambia nije. Kwa Kimrima changu alitaka chombo cha maji. Na miaka michache kabla ya mimi kuzaliwa, mwaka 1928, wakubwa wa serikali walikutana katika mji huo huo wa Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiswahili kitakachoandikwa vitabuni kiwe cha Unguja, na mwaka 1930 kamati ikaundwa ya kulisimamia neno hilo. Watu wa Mombasa, wenye tenzi na mashairi ya karne na karne, hawajalisahau, nami siwalaumu. Mtu akiambiwa katika nyumba yake kwamba neno lake la kumwita mtoto si sanifu, ana haki ya kununa. Lakini baada ya kumsoma Caxton niliacha kuwaona Waingereza kama watu waliopewa lugha yao ikiwa imekamilika, imekunjwa na kupigwa pasi. Nao waligombana juu ya mayai.

Kamati ile ya 1930 ilikuwa na katibu aliyeitwa Frederick Johnson, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939 hujulikana kwa jina lake. Hivyo mimi, kwa miaka mingi ambayo naona haya kuihesabu, nilidhani Johnson wa kamusi ni mmoja tu, mtu aliyeandika kamusi ya Kiingereza akamaliza akahamia kwetu. Jumamosi moja ya baridi nilikwenda Gough Square, katika vichochoro vya nyuma ya Fleet Street, kuizuru nyumba ya Johnson wa kwanza, Samuel, ambaye mwaka 1746 aliafikiana na wauza vitabu kuwa atawatungia kamusi kwa miaka mitatu, akaimaliza kwa karibu tisa, ikatoka mwaka 1755 katika majalada mawili makubwa. Nilipanda ngazi hadi darini, ambako makarani wake sita walinakili mifano ya maneno wakiwa wamesimama. Chumba kilikuwa kitupu. Watano kati ya makarani sita walikuwa Waskoti, na Johnson, ambaye kuwatania Waskoti kulikuwa chakula chake cha asubuhi, alipofika kwenye jina la nafaka inayoliwa sana Uskoti, alitia ndani ya maelezo yake kijembe kinachojulikana mpaka leo. Najaribu kumwaza karani Mskoti anayenakili kijembe kile kwa mwandiko safi, kisha anakwenda kula.

Ila aliyenishughulisha zaidi katika nyumba ile ni kijana mwingine. Mwaka 1752, mke wa Johnson alipokwisha kufa na kamusi ikiwa nusu njia, aliletwa kwake mtoto mweusi wa miaka kama kumi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica. Akakaa humo kama mtumishi, na zaidi ya mtumishi. Johnson alimpeleka skuli kwa gharama zake, na alipofariki mwaka 1784 alimfanya mrithi wake mkuu na kumwekea paundi sabini kila mwaka, jambo ambalo baadhi ya watu wa jamii yake walilinung'unikia hadharani. Barber akahamia Lichfield, mji aliozaliwa bwana wake. Nilisimama darini nikifikiri kuwa katika miaka ile mitatu, Waskoti watano wakipanda na kushuka ngazi na vikaratasi vyao, palikuwa na mtoto wa asili ya Afrika chini yao akijifunza Kiingereza ndani ya nyumba ambamo Kiingereza kilikuwa kikiandikwa neno kwa neno. Nilitamani kumwuliza alianza na neno lipi. Katika jalada langu la samawati mtoto huyu angalinifaa kuliko Nelson na merikebu zake zote.

Kabla ya kurejea nyumbani nilikwenda Westminster Abbey kumzuru jirani yetu Livingstone. Amezikwa katikati ya kanisa, chini ya jiwe jeusi ambalo watu hupita juu yake wakitazama dari, na maandishi yake yanasema kuwa aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwalimu wa lugha ana ugonjwa wake: hawezi kusoma jiwe la kaburi bila ya kulichambua sarufi. Kitenzi ni cha kutendwa, na mtenda kazi ameachwa nje. Imebaki mikono, haina mabega wala majina.

Miaka michache baadaye, nchi yetu ikiwa huru, nilikuwa nikifundisha wasichana wa sekondari kauli ya kutendwa katika Kiingereza, somo ambalo hata mwalimu hulipigia miayo, nikaliandika ubaoni lile jiwe bila ya kusema limetoka wapi. Aliletwa. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, asiyependa kusema, akainua mkono. "Aliletwa na nani, mwalimu?" akauliza, tena kwa Kiingereza, na kwa pupa alisahau kusimama. Nikamwambia asimame, kwa mazoea tu, kisha nikajuta. Maana sauti ilikuwa ya mjomba chini ya mkungu.

Siku ile sikufundisha nilichoandaa. Niliwaeleza kuwa Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, mbali sana na bahari, na watu aliokuwa nao, ambao wangaliweza kumzika hapo kwa heshima na kurudi makwao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua mwendo wa maili zaidi ya elfu moja hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, wenzao kadhaa wakiwa wamekufa njiani. Nikawatajia Abdullah Susi na James Chuma waliowaongoza, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti, na ndiye aliyesafiri na jeneza hata akahudhuria maziko London tarehe 18 Aprili mwaka ule. Susi na Chuma wao hawakupelekwa Uingereza ila baada ya marehemu kwisha zikwa. Nikawatajia na Halima, mpishi. Wakaandika majina yote. Yule wa kiti cha nyuma akauliza kwa nini jiwe lisingeandikwa hivyo, nikamjibu kuwa jiwe ni dogo, na nilipolisema nilijua kuwa ni jawabu la kitabu cha samawati.

Insha zao nilizisahihisha nyumbani usiku, taa ikivuta wadudu. Insha ya msichana yule haikuanza na Livingstone. Ilianza na Susi na Chuma asubuhi, wakibishana nani atangulie, na marehemu alikuja katika sentensi ya tatu, amefungwa gome la mti na turubali, akiwa mzigo. Kila kitenzi alikiandika katika kauli ya kutenda: walimbeba, walimficha, walimvusha mto. Mahali pamoja, aliposema walichoka sana, alikosea kitenzi akakiweka katika umoja. Nikakikata kwa wino mwekundu nikaandika cha wingi, na mengine nikayaacha. Chini kabisa, kwenye nafasi iliyobaki, aliongeza swali ambalo sikuwa nimeliuliza: walikula nini njiani?

Likizo ilipofika nilikwenda Pangani, nikamkuta mjomba amekwisha kuuza jahazi, amekaa mahali pale pale akishona nyavu kwa macho ya kupapasa, nikampa shikamoo, nikamsomea insha ile yote, nikiifasiri mstari baada ya mstari kama zamani. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye swali la mwisho nilimtazama, nikidhani atasema mtama, au muhogo, maana aliwajua wapagazi wa bara tangu ujana wake.

"Si umenisomea kuwa alikuwapo mpishi?" akasema. "Hilo ni la kumwuliza yeye."